Meno ya Mbele Yasiyokutana kwa Kijana: Kizuizi cha Ulimi, Waya, Skrubu au Trei?

Binti yangu alikuwa na miaka 12 nilipobaini kwamba hakati chapati kwa meno ya mbele. Alikuwa akiipeleka pembeni, kwenye chonge na magego, na kuichana huko, nami kwa muda mrefu nilidhani ni mazoea mabaya ya mezani. Siku moja nilimwambia aume na kufunua midomo: magego yalikutana barabara, lakini kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini ulibaki uwazi ambao ncha ya ulimi ilipita bila kuguswa na jino lolote. Huo si mwanya. Mwanya, ambao kwetu huhesabiwa kuwa urembo, hukaa kati ya meno mawili yaliyopakana. Uwazi ninaouzungumzia uko kati ya safu ya juu na safu ya chini, na hauzibiki hata kijana aking'ata kwa nguvu zake zote. Ndio unaomfanya atamke "thamaki" anapokusudia "samaki", na ndio unaoyaachia magego kazi yote ya kuuma.

Tangu tulipoanza matibabu, wazazi wenzangu wa Ilemela na Nyamagana hapa Mwanza, na wengine wa ng'ambo ya maji, wameniuliza swali lile lile: kifaa kipi ni bora? Jibu la neno moja halipo kabla kijana hajapimwa. Ninachoweza kufanya ni kuziweka bega kwa bega njia nne zinazotumika kwa vijana wa kati ya miaka 11 na 17 bila upasuaji wa taya, na kuzipima zote kwa maswali manne: njia inafanya nini mdomoni na inamfaa nani, inamdai kijana nini kila siku, inaidai familia nini kwa fedha na safari, na matokeo yake yanashika kiasi gani. Hata hivyo kuna jambo linalotangulia maswali hayo yote.

Chanzo kabla ya kifaa

Uwazi wa mbele una sura mbili, ingawa vijana wengi wana kiasi cha kila moja. Sura ya kwanza ni ya meno yenyewe: mifupa ya taya imekaa sawa, ila kuna kitu kinachoyazuia meno ya mbele kufika mahali pake. Kitu hicho huweza kuwa kidole kinachonyonywa usiku hata baada ya mtoto kuingia darasa la tano, au ulimi unaolala kati ya meno. Watu wengi huulaumu msukumo wa ulimi wakati wa kumeza, lakini kumeza ni tendo la muda mfupi sana. Kinacholisogeza jino ni shinikizo dogo linalodumu kwa saa nyingi, kwa hiyo la kuuliza ni ulimi hupumzika wapi mtoto anaposoma, anapotazama televisheni na anapolala.

Sura ya pili ni ya mifupa. Taya la chini limekua likielekea chini na nyuma, sehemu ya chini ya uso ni ndefu, magego ya juu yameshuka kupita kiasi, na midomo haifungi mpaka kidevu kikazwe na kufanya mikunjo. Hapa urithi una nafasi kubwa. Picha ya eksirei ya kichwa kutoka ubavuni, pamoja na vipimo vinavyochorwa juu yake, ndiyo inayomwonyesha daktari ni sura ipi inayotawala, na mzazi ana haki ya kuonyeshwa picha hiyo na kuelezwa kabla ya kukubali kifaa chochote.

Kisha iko pua. Nyama za puani, mafindofindo makubwa au mzio usiotibiwa humlazimu kijana kupumua kwa mdomo. Taya hushuka, ulimi huondoka kwenye kaakaa, na kila kinachofanywa kwenye meno hufanywa dhidi ya mkondo. Sisi tulilipuuza jambo hili. Katika kliniki ya kwanza tuliyokwenda binti yangu aliwekewa waya na mipira, uwazi ukaziba ndani ya mwaka mmoja, waya zikatolewa, na baada ya mihula miwili ya shule uwazi ulikuwa umerudi karibu wote, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema, kwamba alikuwa akilala kinywa wazi na kukoroma tangu akiwa mdogo. Ninaandika haya ili mzazi mwingine aseme mapema. Hapa Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, idara ya meno na ile ya masikio, pua na koo zote zipo, hivyo uchunguzi huu wa awali hauhitaji kuvuka mkoa.

Onyo moja la haraka: kijana aliyekuwa akiuma vizuri, kisha meno yake ya mbele yakaanza kuachana ndani ya miezi michache, hasa akiwa na maumivu au mlio mbele ya sikio, asikimbiziwe waya. Inawezekana ni ugonjwa wa kiungo cha taya, kama vile baridi yabisi ya utotoni, na huo huchunguzwa na kutibiwa kwanza.

Njia ya kwanza: kizuizi cha ulimi pamoja na mazoezi

Kizuizi ni waya uliokunjwa kama uzio mdogo, ukakaa nyuma ya meno ya juu ya mbele na kushikwa na pete zilizogandishwa kwenye magego. Hakivuti jino. Kazi yake ni kukinyima kidole raha na kuukumbusha ulimi kubaki nyuma, kisha meno hujisogeza yenyewe kwa nguvu ya ukuaji. Kwa sababu hiyo humfaa zaidi kijana mdogo mwenye uwazi wa meno na mazoea yanayojulikana; kwa mwenye uso mrefu wa kimfupa kitasaidia kidogo tu, kwa kuwa tatizo lake liko nyuma kwenye magego.

Kijana hudaiwa uvumilivu. Juma la kwanza au mawili matamshi huharibika, ugali hukwama kwenye uzio, na darasani wenzake watacheka. Afadhali mwalimu aambiwe mapema. Kifaa hukaa kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na hakiondolewi siku ile uwazi unapoziba bali huachwa miezi kadhaa zaidi. Sambamba nacho huja mazoezi: ncha ya ulimi kupumzika kwenye kaakaa, mahali pale pale inapogusa tunapotamka "la", kumeza mate bila kusukuma meno, na kufunga midomo huku pua ikifanya kazi yake. Ni dakika chache, lakini ni kila siku, na mazoezi hayo hayana maana kwa kijana ambaye pua yake imeziba.

Kwa familia, hii kwa kawaida ndiyo njia yenye gharama ndogo na safari chache. Kuhusu kudumu, utafiti wa Smithpeter na Covell uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watu waliotibiwa uwazi kwa vifaa pekee na waliotibiwa kwa vifaa pamoja na mazoezi ya ulimi na midomo: wa kwanza walifunguka tena kwa wastani wa milimita 3.4, wa pili kwa milimita 0.5. Ni utafiti wa watu wachache, na mapitio ya jumla ya utafiti wa tiba za uwazi kwa watoto yamekuwa yakisema ushahidi bado ni hafifu, lakini tofauti ya namna hiyo haifai kupuuzwa, tena kwa kitu kinachofanywa nyumbani bila malipo.

Njia ya pili: waya na mipira

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Vibanio hugandishwa kwenye kila jino, waya hupitishwa, na mipira midogo huunganisha meno ya juu na ya chini ili yavutane. Wakati mwingine daktari hung'oa magego madogo mawili au manne, hasa pale ambapo meno ya mbele yamechomoza nje. Yanaporudishwa ndani, ncha zake hushuka na uwazi hupungua. Iko pia namna ya waya yenye vitanzi vingi iliyoenezwa na Young H. Kim miaka ya 1980, ambayo huyanyanyua magego yaliyoinama na kuyasimamisha.

Kipimo muhimu hapa ni tabasamu, nacho mzazi anaweza kukianza nyumbani kwa picha ya simu. Kijana akitabasamu na meno yake ya juu yakaonekana kidogo tu, basi kuyashusha kwa mipira kutamfaa mara mbili, kwa kuuma na kwa sura. Lakini ikiwa tayari fizi ya juu inaonekana kwa upana, kuyavuta meno yale yale chini kutaziba uwazi na kuharibu tabasamu, huku kisababishi cha kimfupa kikibaki palepale. Jambo hili naona halielezwi vya kutosha kwa wazazi, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha waya zilizowekwa kwa fikra na waya zilizowekwa kwa sababu tu zilikuwapo.

Kijana hudaiwa mengi. Mipira huvaliwa karibu saa zote na kubadilishwa kila siku. Anayeivaa usiku mmoja na kuiacha siku mbili hapati kitu. Miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa ya kuku na barafu hung'oa vibanio. Asiyepiga mswaki ipasavyo huvuliwa waya akiwa na mabaka meupe yasiyofutika, na mizizi ya meno huweza kufupika kidogo, ndiyo maana picha ya eksirei hurudiwa katikati ya matibabu. Kwa vijana waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, kama yalivyo baadhi ya maeneo ya Shinyanga, meno yenye rangi ya kahawia hushika gundi kwa shida zaidi, kwa hiyo daktari aambiwe mtoto alikulia wapi.

Familia nayo ijiandae kwa mahudhurio ya kila wiki 4 hadi 8 kwa miaka miwili au zaidi. Hili ndilo huwaangusha wengi wa kwetu, kwa kuwa matibabu huanza darasa la saba, kisha mtoto huchaguliwa shule ya bweni na kupotea kliniki kutoka likizo hadi likizo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mzazi wa Sengerema haongoji tena kivuko. Wa Ukerewe bado anahesabu saa za meli na pengine usiku mmoja wa kulala mjini. Waya zinazovutwa bila kuangaliwa kwa miezi mitatu zinaweza kupeleka jino kusikokusudiwa, na kibanio kilichong'oka kikakaa muhula mzima ni muda uliopotea.

Njia ya tatu: skrubu ndogo za kushikilia

Skrubu za titani, zenye urefu wa milimita 6 hadi 10 hivi, hukazwa kwenye mfupa wa taya kwa ganzi ya mahali, na huko hutumika kama nguzo ya kuyavutia magego ndani ya mfupa. Gego la juu likipanda, taya la chini huzunguka kwenda juu na mbele kama mlango kwenye bawaba, na milimita moja inayopatikana nyuma huweza kuziba milimita mbili hadi tatu mbele. Wajapani ndio walioifungua njia hii: Kanomi alieleza skrubu ndogo mwaka 1997, na Umemori na wenzake wakaeleza mwaka 1999 jinsi vibao vya titani vilivyofunga uwazi wa mbele. Hii ndiyo njia inayokigusa kisababishi cha kimfupa bila kulikata taya, kwa hiyo humfaa kijana mwenye uso mrefu na fizi inayoonekana, aliyekwisha kuota meno ya kudumu.

Umri una uzito hapa. Mfupa wa mtoto mdogo ni laini na skrubu hulegea kwa urahisi zaidi. Hata kwa jumla, takriban skrubu moja kati ya nane hulegea na kuhitaji kuwekwa upya, jambo ambalo si msiba ila mzazi alijue kabla ya kulipa. Kijana hadaiwi mipira mingi, bali usafi: fizi inayoizunguka skrubu ikivimba, skrubu haikai. Hubaki na waya vilevile, kwa hiyo masharti ya chakula hayabadiliki.

Kwa familia mzigo ni mtaalamu. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka hapa. Kabla ya kukubali, uliza ni nani atakayeiona skrubu iliyolegea mwezi wa pili, hasa kama daktari huja Mwanza kwa zamu na kuondoka. Kuhusu kudumu, uchunguzi wa waliotibiwa unaonyesha kwamba kati ya sehemu moja ya tano na karibu theluthi moja ya umbali ambao magego yalizamishwa hurudi, na sehemu kubwa ya kurudi huko hutokea mwaka wa kwanza.

Njia ya nne: trei angavu

Ni mfululizo wa trei za plastiki zinazovuliwa, kila moja ikiyasogeza meno hatua ndogo mbele ya pale yalipoachwa na iliyotangulia. Iliyo maarufu zaidi ni Invisalign ya kampuni ya Kimarekani Align Technology. Plastiki inayofunika magego husaidia kuyazuia yasishuke zaidi, huku vinundu vilivyogandishwa kwenye meno ya mbele vikisaidia kuyashusha. Humfaa kijana mwenye uwazi mdogo hadi wa wastani na meno ya kudumu yaliyokamilika. Sehemu kubwa ya ushahidi wake kwenye uwazi inatoka kwa watu wazima.

Nidhamu ndiyo roho yake: saa 20 hadi 22 kwa siku, kuvua kila anapokula au kunywa chai, na kurudisha baada ya mswaki. Trei iliyofungwa kwenye karatasi ya maandazi hutupwa pamoja nayo. Bei kwa kawaida huwa juu, lakini mahudhurio huweza kuwa machache kwa sababu kijana hubadilisha trei mwenyewe nyumbani, nafuu ya kweli kwa anayeishi mbali. Trei zinazouzwa mtandaoni bila kijana kupigwa picha wala kuchunguzwa kinywa zisinunuliwe kabisa.

Kofia za kamba zinazovuta kidevu na vitalu vya kung'atia vinavyozuia magego kushuka nimeviacha nje ya ulinganisho, kwa kuwa vijana wengi hawavivai kwa saa zinazotakiwa, ingawa daktari anaweza kuwa na sababu ya kuvishauri kwa anayekua bado.

Kuziba ni hatua, kushika ndiyo kazi

Mwaka 1985 Lopez-Gavito na wenzake waliwafuatilia watu 41 waliotibiwa uwazi kwa waya, miaka kumi baada ya kuacha vifaa vya kuyashikilia meno yasirudi, na zaidi ya asilimia 35 walikuwa na uwazi wa milimita 3 au zaidi. Mapitio ya Greenlee na wenzake ya mwaka 2011 yalikuwa na habari njema zaidi: mwaka mmoja au zaidi baada ya matibabu, takriban asilimia 75 ya waliotibiwa bila upasuaji bado meno yao ya mbele yalipishana, yaani ya juu yaliyafunika ya chini bila uwazi, na waliofanyiwa upasuaji ni takriban asilimia 82. Makundi hayo hayakuwa na hali zinazolingana, hivyo tofauti hiyo haisemi kwamba upasuaji ungemfaa mtoto wako. Inasema kwamba hata njia kali kuliko zote haitoi dhamana.

Kwa hiyo bei inayotajwa kliniki ihusishe pia kishikizo: waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno, au bamba la kuvaa usiku, ambalo huweza kutobolewa tundu kwenye sehemu inayofunika kaakaa ili ulimi ujue pa kulala. Uso hukua kwa urefu hata baada ya upana wake kukoma, na wavulana huendelea kukua kwa muda mrefu kuliko wasichana, kwa hiyo mvulana aliyevuliwa waya akiwa na miaka 14 bado ana miaka kadhaa ya hatari mbele yake. Ulizia bei ya kishikizo cha pili tangu siku ya kwanza, kwa maana bwenini hupotea.

Kwa hali yenu

Mtoto wa miaka 11 au 12 anayenyonya kidole, midomo inafunga bila kukazwa na fizi haionekani: anzieni kizuizi na mazoezi, na msikimbilie waya kabla ya kuona miezi sita ya kwanza imefanya nini.

Kijana anayekoroma au kulala kinywa wazi: pua kwanza, kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama hilo litaahirisha meno kwa miezi kadhaa.

Mwenye meno ya mbele yaliyochomoza au yaliyobanana, anayeonyesha meno machache akitabasamu, na anayesoma shule ya kutwa mjini: waya na mipira zina nafasi nzuri. Akienda bweni, panga na daktari tarehe za Juni na Desemba mapema, na umwombe matroni awe na namba ya kliniki.

Mwenye uso mrefu, fizi inayoonekana na meno ya kudumu yaliyokamilika: ulizia skrubu, hata kama ni kwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, na usikubali mipira peke yake kabla ya kusikia maelezo ya picha ya ubavuni. Mwenye uwazi mdogo, anayeishi Nansio, kisiwani Ukerewe, au mbali zaidi na mwenye utaratibu wake binafsi bila kusukumwa, anaweza kufaa kwa trei, iwapo familia inamudu bei.

Na yuko kijana ambaye mifupa yake imeachana mno hata hakuna njia kati ya hizi inayotosha. Kwake, apigwe picha sasa na tena baada ya mwaka ili ukuaji upimwe, mazoezi na pua vishughulikiwe, meno yatunzwe yasioze, na jino lolote lising'olewe kwa ajili ya kupanga kabla bingwa hajasema kama upasuaji wa ukubwani utahitajika, kwa sababu meno yaliyong'olewa ili kuficha tatizo huweza kuwa pungufu siku taya lenyewe litakapohitaji kusogezwa.